Viatu Ishirini na Vitatu Barazani

Mama Mkaguzi, shikamoo.

Kabla hujageuza ukurasa huu, funga kwanza mlango wa ofisi yako. Kama kuna mtu ameketi mbele yako, lifiche daftari hili chini ya mafaili mpaka aondoke. Nakusihi usimsomee mtu hata mstari mmoja, usilinukuu katika barua yenye muhuri, wala usilitaje kwa simu, maana simu ya shule yetu iko juu ya meza ya Mkuu. Niliandika kwa ajili yangu mwenyewe, tangu mvua zilipoanza mpaka siku uliyokuja wewe, bila kudhani kwamba kuna atakayesoma. Sijafuta kitu. Humu utaona nilivyokuwa mjinga, na pengine nilikuwa mbaya kuliko mjinga. Lakini kuna mtoto wa miaka sita anayefungiwa, na kuna mwalimu atakayefukuzwa kwa maneno niliyoyaandika mimi. Mambo hayo mawili hayawezi kungoja mpaka nipate ujasiri.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza. Mwalimu mpya wa darasa la watoto wadogo ameripoti akiwa na gunia begani. Kwa kuwa ni kazi yangu kuandika kila kinachoingia shuleni, nilimwuliza ndani mna nini.

"Vifuniko vya chupa."

"Vya nini?"

"Vya kusomea."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nimeandika: gunia moja, vifuniko, idadi haijulikani. Kufika mchana watoto walikuwa wameshambatiza Mwalimu Vifuniko.

Jioni Mkuu aliniita ofisini kwake. Alinimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu niajiriwe. "Kaa, mwanangu," alisema. "Wewe una macho mazuri. Huyu mgeni sijui katumwa na nani. Niandikie anachofanya, kidogo kidogo, kila unapokiona. Na ile barua yako ya kuthibitishwa kazini ninayo hapa, naipitia."

Nimebakiza mwezi mmoja na nusu wa majaribio. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Jumanne, 4 Machi

Nieleze utaratibu, nisije nikausahau mimi mwenyewe. Saa tatu kamili nasimama mlangoni pa darasa na rejesta ya mahudhurio. Nahesabu waliokaa kwenye mkeka. Asiyekuwepo mkekani namwandika hayupo, na akija kwa kuchelewa alama hiyo haifutwi. Jumanne na Alhamisi Mkuu huja nyuma yangu kuwapima kusoma. Asiyekuwepo hapimwi wala hahesabiwi. Ndiyo maana shule yetu inasifiwa: kila mtoto aliyepimwa anasoma.

Walioandikishwa ni ishirini na wanne. Leo wamekuwepo ishirini na wawili. Hayupo yule wa homa, na hayupo Kijino, msichana aliyebakiwa na jino moja mbele.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Kijino hayupo. Baadhi ya watoto hupenda kulala mvua inaponyesha.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesimama nje ya dirisha la darasa kwa nusu saa, nikijifanya nakagua bati linalovuja. Niliyoyaona nimeyaandika kwa ajili ya Mkuu, lakini hapa nayaandika kwa urefu.

Hakuna mtoto aliyekuwa ameketi mkekani. Sakafuni walikuwa wamepanga vifuniko, vingine vyekundu, vingine vya buluu, wakiunda herufi kubwa kama mbuzi aliyelala. Kisha wakatembea juu yake, mmoja nyuma ya mwingine, wakitamka sauti yake kila hatua. Baadaye Mwalimu Vifuniko alivaa soksi mkononi, soksi yenye vifungo viwili vya shati kuwa macho, akasema kwa sauti ya mzee mwenye mafua, "Jamani, mimi Bwana Soksi sikusoma. Hii ni nini? Ni chapati?"

Darasa zima likalipuka. "Siyo chapati! Ni O!"

"Mnanidanganya. Mimi nimezoea kudanganywa."

Kijino akasogea, akaishika ile soksi shingoni kwa huruma. "Usilie, Bwana Soksi. Ukifungua mdomo hivi, ni O. Tazama mdomo wangu."

Sikupenda. Mwalimu aliyesoma chuo miaka miwili, anajifanya hajui O! Mtu mzima anayejifanya hajui ana lake jambo. Kikulacho ki nguoni mwako. Kisha akageuka dirishani akaniona. "Karani, ingia ucheze, tumekosa mtu wa kuwa mti." Nikasema nina kazi. Watoto wakacheka. Sijui walimcheka nani.

Nyumbani nilimsimulia dada yangu, ambaye ni fundi cherehani na hana huruma. Alikuwa na pini tatu mdomoni lakini hazikumzuia. "Kwa hiyo unamwogopa soksi?"

"Simwogopi soksi. Namshuku mwalimu."

"Mdogo wangu, wewe kivuli chako kikikohoa unakiomba radhi. Huyo Mkuu wako je, anakupa chai ya bure tangu lini?"

Nilimwambia asiseme hivyo, dirisha liko wazi.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu Vifuniko ameingia ofisini kwangu bila kubisha hodi sawasawa. Aliegemea meza, macho yake yakawa kwenye rejesta. "Karani, hebu nitazamie. Kijino hukosekana siku gani?"

"Rejesta haisomwi na walimu bila idhini."

"Basi isome wewe, kaka. Mimi nitaziba macho." Na kweli akaziba macho kwa viganja, kama anayecheza kibe na watoto.

Nikaangalia. Jumanne, Alhamisi. Jumanne, Alhamisi.

"Kila mara analetwa na Mkuu saa nne, ameshikwa mkono, naambiwa kachelewa tena," alisema. "Mama yake anaapa kwamba humfikisha saa mbili. Mtoto nikimwuliza, kimya."

Nilifunga rejesta. Nimemwambia kazi yangu ni kuandika, sababu ziko kwa wazazi. Alipoondoka nikajiuliza: kwa nini ananichimba? Huenda ametumwa kutafuta makosa yangu. Nimemwarifu Mkuu kwamba ameulizia rejesta. Mkuu alitabasamu. Chai tena.

Alhamisi, 13 Machi

Kijino hayupo. Bati linavuja juu ya meza yangu, nimeweka ndoo.

Jumanne, 18 Machi

Kijino hayupo.

Alhamisi, 20 Machi

Leo naandika mengi, maana nadhani nimempata.

Kijino hakuwepo saa tatu. Mkuu alimleta saa nne kama kawaida. Baada ya mapumziko mvua ilikuwa kubwa mno, watoto hawakuweza kutoka. Mwalimu Vifuniko aliwaambia, "Leo chezeni shule. Chagueni wenyewe nani ni nani. Mimi sipo, mimi ni ukuta." Akakaa kweli pembeni, mgongo ukutani, akawa anawatazama.

Nilikuwa dirishani. Walichagua mwalimu, wakachagua wanafunzi. Mmoja akachukua kijiti cha ufagio akakiweka sikioni kama kalamu. "Mimi Mjomba Karani!" Alitembea kama mimi. Sikujua kwamba natembea kwa mabega juu. Msichana mwingine akajifunga shuka begani, akawa Mkuu. Akapita mbele ya wanafunzi. "Toeni kucha. Safi. Safi. Safi." Akafika kwa Kijino. "Wewe kucha chafu."

"Safi, Mkuu," akasema Kijino, bila kuinua macho, kama aliyekariri.

"Chafu. Twende ukatulie." Akamshika kifundo cha mkono, akamwingiza chini ya meza, akashusha lile shuka mbele. "Ukilia nitamwita polisi."

Kisha Mjomba Karani akaja mlangoni na kijiti chake. Akahesabu kwa kidole. Alipofika mwisho akasema kwa sauti yangu hasa, kavu, "Kijino. Hayupo."

Kutoka chini ya meza: "Nipo!"

Yule mtoto mwenye kijiti hakucheka. Aliinama akamweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mwenzake sheria ya mchezo. "Ukiwa stoo hupo."

Wakaendelea. Mkuu wa shuka akapima kusoma. Wote wakasoma.

Mwalimu Vifuniko alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umekauka. Mimi nilikuwa na hasira, masikio yananichoma. Nimeandika ripoti ya kurasa mbili: kwamba anawaacha watoto kuwadhihaki viongozi wa shule, kwamba mimi mwenyewe nimeigizwa mbele ya darasa, kwamba haya yanaitwa masomo. Nimeiandika vizuri. Nilipomaliza niliisoma mara mbili kwa raha ya mwandiko.

Ijumaa, 21 Machi

Mkuu ameisoma ripoti nikiwa nimesimama. Nilitarajia acheke au akasirike. Hakufanya hata kimoja. Aliirudia sehemu moja, kisha akauliza, "Aliyekuwa chini ya meza ni nani?"

"Kijino, Mkuu."

"Na aliyemwigiza Mkuu?"

Nikamtaja. Nikamtaja na mwenye kijiti. Nilitaja kila jina nililojua, kwa utaratibu.

"Vizuri, mwanangu. Ukurasa wa pili weka sahihi."

Nikaweka. Hakuniuliza kama ni kweli kwamba watoto wamebuni. Nimeliwaza hilo njia nzima. Mtu akisingiziwa, swali lake la kwanza huwa "wameyatoa wapi?" Yeye aliuliza majina.

Jumanne, 25 Machi

Matope kila mahali. Tangu mvua zianze watoto huvua viatu barazani na kuingia mkekani pekupeku. Leo, saa tatu, niliruka dimbwi nikatua vibaya, nikajikuta nimeinama mbele ya safu ya viatu. Kwa mazoea nikavihesabu. Jozi ishirini na tatu.

Nikaingia mlangoni. Mkekani walikuwa watoto ishirini.

Nilihesabu tena. Ishirini. Yule wa homa amehamia kwa bibi yake, yeye hana viatu hapa. Waliokosekana walikuwa Kijino, yule aliyevaa shuka, na yule mwenye kijiti. Nikarudi barazani. Makubazi ya Kijino yale ya njano, yaliyofungwa kwa uzi wa kijani, yalikuwa hapo, na nyayo zake kwenye sakafu, zimekauka nusu. Hazikuelekea darasani. Zilielekea kushoto.

Kushoto kuna stoo.

Nilifika hadi mlangoni pa stoo. Kufuli limefungwa kwa nje. Ndani nilisikia watu wadogo wakinong'ona, na sauti ya vifuniko vikiwekwa juu ya saruji, tik, tik. Kijino alikuwa anacheza. Alikuwa mwalimu na alikuwa mwanafunzi. "Kijino yupo? Yupo, mwalimu. Bwana Soksi yupo? Yupo, ana mafua. Haya, someni. Ki. Ji. No."

Mtoto ambaye hapimwi kwa kuwa hajui kusoma alikuwa anasoma jina lake gizani.

Hata ningetaka kulificha hili hapa singeweza: sikusema neno. Funguo huning'inia kiunoni kwa Mkuu. Nilirudi ofisini, nikaandika mara tatu: hayupo, hayupo, hayupo. Mkono ulikuwa thabiti kabisa. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumatano, 26 Machi

Sikula. Dada kaniuliza nina nini. Nimesema tumbo.

Alhamisi, 27 Machi

Viatu jozi ishirini na tatu. Watoto mkekani ishirini na mmoja.

Nilimngoja Mwalimu Vifuniko nyuma ya tangi la maji, nikamwambia. Nilidhani atashtuka. Alinitazama, maji yanamtiririka usoni.

"Nilijua tangu siku ya ule mchezo," alisema. "Nimeenda kwa Mkuu. Kaniambia ni uzushi wa watoto, na kwamba karani wake ameandika kwa mkono wake kuwa mimi ndiye niliyewafundisha kuigiza. Kanionyesha sahihi yako."

"Sikujua."

"Hukujua, au hukuuliza?"

Nikamwuliza kwa nini yeye hakuvunja lile kufuli.

"Nilileta nyundo Jumanne. Stoo nikaikuta wazi, tupu, imedekiwa. Kumbe aliwatoa mapema. Tangu hapo kila nikisogea upande ule ananiita. Mimi natazamwa, kaka. Wewe hutazamwi. Wewe ndiye jicho."

Nimekuwa nikimshuku mtu huyu kwa wiki tatu kwa sababu ya gunia.

Jumanne, 1 Aprili

Viatu ishirini na tatu. Mkekani ishirini na wawili. Kijino peke yake.

Nilipita karibu na stoo nikanong'ona, "Kijino."

Vifuniko vikanyamaza. "Nani?"

"Karani. Unaogopa?"

Alifikiri. "Panya siogopi. Mjomba Karani, leo uniandike."

Nikaenda nikamwandika. Yupo. Alama moja ndogo ya wino. Saa nne kasorobo Mkuu aliitisha rejesta. Alipitisha kidole kwenye safu, kikasimama hapo.

"Mwanangu, kalamu imeteleza?"

Alisema kwa upole. Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya barua yangu ya kuthibitishwa. Nilikiona kichwa cha barua na jina langu limepigwa chapa. Chai ilikuwa imeshamiminwa.

Nikafuta.

Jumatano, 2 Aprili

Dada amenibana. Nimemweleza yote, amezima cherehani, jambo analofanya kwa msiba tu.

"Ukitamka, kazi imekwenda," alisema. "Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwako ni mimi."

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Nimesema hivyo? Nimesema mimi ni wa kwako. Tutakula hilo janga, tutashushia na maji." Akawasha cherehani. "Tena usinitazame kama kifaranga, unanichanganyia mshono."

Alhamisi, 3 Aprili

Leo umekuja wewe, Mama Mkaguzi.

Umeketi katikati ya darasa kwenye kiti chenye mto. Mkuu amewapima watoto ishirini na wawili mbele yako na wote wamesoma, na ukapiga makofi. Kisha mkaenda barazani, Mkuu akakukabidhi ripoti yangu ya kurasa mbili. Amesema Mwalimu Vifuniko anaharibu nidhamu, hafundishi, anacheza, na kwamba anaomba aondolewe kabla muhula haujaisha. Ukaniita.

"Karani, haya uliyaandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Uliyaona kwa macho yako?"

"Ndiyo, mama."

Yote mawili ni kweli. Nilingoja uulize la tatu. Ungeuliza nini? Sijui. Hukuuliza, ukafunga kalamu. Mwalimu Vifuniko alisema, "Mheshimiwa, naomba uwaache watoto wacheze shule mbele yako, dakika kumi tu," na Mkuu akacheka, "Unaona? Hata mbele ya mkaguzi anataka mchezo." Nawe ukacheka kidogo, kwa adabu. Umesema uamuzi utatolewa Ijumaa ijayo.

Ulipokuwa ukinihoji, makubazi ya njano yalikuwa hatua sita nyuma yako, na mwenyewe hatua ishirini kushoto kwako.

Ijumaa, 4 Aprili

Barua yangu imetiwa sahihi. Nimethibitishwa kazini. Mkuu amenikumbatia.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua, kutwa.

Nimeangalia rejesta za miaka miwili iliyopita, ambazo nilikuwa nimezileta nyumbani kuzitia majalada. Karani aliyenitangulia alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu. Jumanne, Alhamisi. Hayupo, hayupo. Watoto saba tofauti. Wawili kati yao waliacha shule kabisa na hakuna aliyeuliza. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini yule karani aliomba uhamisho akiwa amebakiza miezi sita tu kupandishwa cheo. Sasa najiuliza kwa nini hakuandika daftari.

Jumapili, 6 Aprili

Dada atalileta daftari hili kesho ndani ya kitambaa cha gauni, atasema ni mzigo wako wa kushona. Mpokee, na usimwulize kitu mbele ya katibu wako.

Ukitaka kunipata, usipige simu shuleni na usitume barua. Cherehani ya dada iko barazani pa duka la dawa, mkabala na posta. Mwambie unataka kupunguza sketi. Atakuuliza inchi ngapi. Sema yoyote, atajua. Mimi nitafika baada ya nusu saa kwa mlango wa nyuma, na rejesta zote tatu.

Lakini ni bora uje shuleni, Jumanne, bila taarifa. Usipitie lango kubwa, maana kengele yake inasikika ofisini kwa Mkuu. Pita upande wa tangi la maji, saa tatu kasoro dakika tano. Nyoosha kushoto moja kwa moja hadi stoo, na uwe na mtu wa kukata kufuli.

Baada ya hapo utanihitaji nishuhudie. Tafadhali sikiliza hili kuliko yote niliyoandika. Usinihoji ofisini. Usinihoji Mkuu akiwa amesimama karibu nami, hata akiwa kimya. Nitakataa, nimeshajiona nikifuta. Niite darasani, nikae chini kwenye mkeka na wao, na Kijino awe mbele yangu. Kisha muulize yeye kwanza, halafu niulize mimi.